Wateja Walioniimbia Kaunta

Vijana wanaofuatilia historia ya Bongo Fleva hunijia na swali moja: enzi za kanda, wimbo gani wa rap uliuza kuliko nyingine zote? Wanataka tarakimu, kwa sababu wamezoea kufungua simu na kuona wimbo umetazamwa mara ngapi tangu jana usiku. Tarakimu za wakati wetu hazipo. Redio zilikuwa na orodha zao za kila wiki, wasambazaji walikuwa na vitabu vyao ambavyo hata msanii mwenyewe hakuonyeshwa, na sisi wauzaji wa rejareja tulikuwa na kaunta buku. Mimi ndiye niliyekuwa naandika kaunta buku ya duka letu, kwa hiyo nitasema niliyoyaona nikiwa nyuma ya ile meza.

Duka lilikuwa la baba mkubwa, Kariakoo, mtaa wa ndani ukitokea Msimbazi. Niliingia pale mwaka 1996 baada ya kumaliza kidato cha nne, nikingoja matokeo, nikaishia kukaa mpaka kanda zenyewe zilipopotea mjini. Rafu za ukutani zilipangwa kwa heshima, na aliyegawa heshima hiyo ni baba mkubwa peke yake. Usawa wa macho ya mteja zilikaa taarabu, za Unguja pamoja na hizi za kisasa za East African Melody na TOT. Chini yake dansi: Msondo, Sikinde, na baadaye Twanga Pepeta. Upande wa kulia kwaya za makanisani, ambazo mtu asiyewahi kuuza kanda hawezi kuamini zilivyokuwa zinatoka, hasa Desemba watu wanapofunga mizigo kwenda kula Krismasi mikoani. Wakongo walikuwa na ukuta wao. Rap ilikaa ndani ya boksi chini ya kaunta, karibu na miguu yangu, pamoja na kanda tupu na betri za redio.

Baba mkubwa hakuwa mtu wa chuki. Alikuwa mjumbe wa nyumba kumi kwa miaka mingi, mtu wa kusuluhisha ugomvi wa wapangaji na kukaa mstari wa mbele kwenye mikutano ya hadhara. Kwake wimbo ulikuwa na fumbo, na msikilizaji alikuwa na kazi ya kulifumbua. Vijana waliosema haraka haraka juu ya ngoma iliyojirudia aliwaona wanapiga kelele, basi. Na ukweli ni kwamba wateja wa mwanzo wa boksi lile walikuwa wachache na walifanana. Walikuja wamevaa suruali pana, wanataka 2Pac na Snoop, na wakitaka cha nyumbani waliuliza Saleh J, yule aliyechukua wimbo wa Vanilla Ice mwanzoni mwa miaka ya 1990 akauwekea Kiswahili, au Kwanza Unit, waliojiunga kuwa kundi mwaka 1993. Kwanza Unit nawaheshimu mpaka leo, kwa sababu walishika bendera wakati hakukuwa na faida yoyote ya kuishika. Lakini waliowaulizia walitoka Upanga, Oysterbay na Masaki, nyumba zenye kanda kutoka nje na Kiingereza cha mezani. Mama anayeuza vitumbua Buguruni hakuwa sehemu ya habari hiyo.

Redio ndiyo iliyoanza kubadilisha sura za watu mlangoni kwetu. Serikali ilikuwa imeruhusu vituo binafsi, na Radio One ikaanza kurusha matangazo mwaka 1994. Taji Liundi na Mike Mhagama, kwenye kipindi kilichoitwa DJ Show, walikuwa wakiupiga muziki wa vijana wa hapa hapa pamoja na ule wa Marekani, na mtoto wa Manzese mwenye redio ndogo ya mkulima akausikia saa ile ile anayousikia mtoto wa Masaki. Clouds FM ikaja mwishoni mwa muongo huo, nayo ikawa imejengwa na watu waliotoka kwenye disko, wanaojua kijana anachezeshwa na nini. Radio Tanzania iliendelea na dansi, taarabu, kwaya na salamu zake, na baba mkubwa aliendelea nayo.

Wa kwanza kunilazimisha kutoa kanda chini ya kaunta na kuziweka juu alikuwa Joseph Mbilinyi wa Mbeya, ambaye wakati huo tulimjua kama 2Proud kisha Mr. II, na leo kila mtu anamwita Sugu. Albamu yake ya Ndani ya Bongo ilitoka mwaka 1996, mimi nikiwa bado najifunza kukunja karatasi ya kava bila kuichana. Waliokuja kuichukua walikuwa makondakta, wapiga debe, wachuuzi wa mitumba, vijana wa kupakia mizigo shimoni sokoni. Watu hawa hawakuwa wananunua rap kabla ya hapo. Wengi walinunua kwa kuchanga, wawili au watatu kanda moja. Kisha mwaka 1998 ukaja wimbo wa Hali Halisi, ndani ya albamu ya Niite Mr. II, unaoeleza maisha ya kijana asiye na kazi, askari wanaomkamata, na wanasiasa wasiomsikia. Nakumbuka konda mmoja wa daladala la Temeke aliyenunua ya pili kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu ya kwanza ilikuwa imeliwa na redio ya gari kwa kurudishwa nyuma kila safari. Abiria walikuwa wanaomba urudiwe. Alisema: "Dada, nikiuzima wananigomea nauli."

Daladala ndilo lililokuwa likituletea watu. Mtu anausikia wimbo ndani ya kipanya kutoka Mbagala, anashuka Kariakoo kununua nyanya au kitenge, na njiani anakuta spika yetu. Spika ile ilikuwa juu ya mlango, na kilichopigwa pale ndicho kilichouza siku hiyo. Kwa hiyo siasa kubwa ya duka ilikuwa spika. Asubuhi ilikuwa ya baba mkubwa, bila mjadala. Akienda kuswali adhuhuri, ilikuwa yangu.

Vijana wa leo wananiuliza wimbo ulikuwa unapandaje. Msanii alikuwa anahangaika kwanza kupata pesa ya studio. Studio zenye jina zilikuwa chache: kwa Master Jay, kwa P Funk pale Bongo Records, Mawingu, na kwa yule Mfini, Miikka Mwamba. Akishatoka na wimbo mmoja anauzungusha redioni, anasubiri. Watangazaji wakiupenda, unaanza kupigwa. Wasikilizaji wakiupenda, wanaandika barua na kupiga simu, na baada ya wiki kadhaa unausikia kwenye kumi bora. Hapo ndipo msambazaji anapomwita msanii. Kabla ya hapo hamwoni. Msambazaji anataka albamu nzima, nyimbo nane au kumi, na msanii ambaye ana wimbo mmoja tu wa maana anarudi studio kujaza upande wa pili. Ndiyo maana kanda nyingi za miaka ile zina upande A unaosikilizwa na upande B uliorekodiwa kwa haraka. Sisi wa rejareja tulizichukua kwa katoni, nyingine kwa mali kauli, na zikikwama tuliomba tuzirudishe.

Orodha ya redio ilikuwa na nguvu, sikatai. Wimbo ukitajwa wa kwanza mwisho wa wiki, Jumatatu mlango wetu ulijua. Lakini nilikuja kugundua kwamba orodha na kaunta buku vilikuwa haviendi pamoja kila mara. Kulikuwa na nyimbo zilizokaa juu redioni wiki nyingi, na kanda zake zikabaki zinashika vumbi, kwa sababu wanaozipenda walikuwa wanazirekodi redioni kwenye kanda tupu. Na kulikuwa na nyimbo ambazo zilikwisha kushuka kwenye orodha, huku kwetu ndiyo kwanza zinachanganya. Nikaanza kuangalia ni nani anayeuliza na anaulizaje. Kijana wa shule alikuja na jina la msanii, jina la wimbo, na jina la prodyuza. Huyo atanunua, au hatanunua, na habari inaishia kwake. Ila siku anapokuja mtu mzima asiyejua jina lolote, akaniinamia kaunta na kuniimbia kiitikio kwa sauti ya chini kwa aibu, akisema "mwanangu, ule unaosema hivi", nilijua wimbo umetoka kwa vijana na umeingia nyumbani. Nilikuwa naagiza katoni nyingine siku hiyo hiyo.

Kwa miaka kadhaa rap haikuniletea mtu wa namna hiyo. Walioimba kaunta waliimba taarabu na kwaya. Wa kwanza kwa rap walianza kuja mwaka 2000, Hard Blasters Crew walipotoa Funga Kazi. Lile kundi lilikuwa na Fanani, Big Willy, na kijana mrefu mwenye sauti nzito waliyemwita Nigga J. Wimbo wao wa Chemsha Bongo ulikuwa kisa. Ulikuwa na mwanzo, katikati na mwisho, watu ndani yake walikuwa wa mjini hapa hapa, na kila neno lilisikika. Hapo ndipo ilipokuwa siri, kwa maoni yangu. Wachanaji wengi wa kabla yao walikuwa na mistari mizuri, ila ulihitaji kuusikiliza wimbo mara tano ndipo uelewe anasema nini. Yule kijana alikuwa akitamka kama mtu anayesoma barua kwa mzazi asiyejua kusoma: polepole pale penye uzito, na bila kumeza silabi. Mzee anayesikia mara moja tu, kelele za mtaani zikiwa juu, alipata kisa chote.

Mwaka uliofuata akatoka peke yake kwa jina la Professor Jay, na albamu ya Machozi, Jasho na Damu. Ndani yake kuna wimbo wa Bongo Dar es Salaam, juu ya utapeli wa mji huu, ambao kila mgeni wa mikoani aliyewahi kuibiwa Kariakoo aliutaka. Na kuna Ndio Mzee.

Nataka kuusema huu kwa kirefu. Ndio Mzee ni mgombea jukwaani anatoa ahadi, na umati unamwitikia kwa hayo maneno mawili. Ahadi zinaanza zinazoaminika, zinapanda, mpaka zinafika mwezini, na umati bado unaitikia. Uchaguzi mkuu wa Oktoba 2000 ulikuwa umepita juzi tu. Mikutano ile ilikuwa bado masikioni mwa watu, na ahadi zake zilikuwa bado kwenye mabango ambayo mvua haijayaondoa ukutani. Hakuna mtu Dar es Salaam aliyehitaji kuelezwa mgombea yule ni nani. Kila mmoja alikuwa na wa kwao.

Niliuweka kwenye spika adhuhuri moja nikijua baba mkubwa yuko msikitini. Alirudi mapema. Nikanyoosha mkono nizime, akaniambia niache. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia nirudishe mwanzo. Mara ya pili alicheka mahali pale pale ambapo umati unaitikia, na kicheko chake hakikuwa cha furaha peke yake. Alikuwa amekaa kwenye mikutano ile. Alikuwa amewakusanya watu wa nyumba kumi zake waende kumsikiliza mgombea, akawapangia viti, akaitikia nao. Aliniuliza: "Huyu ni mtoto wa nani?"

Uswahilini kwetu huulizi hivyo kwa mtu usiyemthamini. Nilimwambia jina ni Joseph Haule. Alitikisa kichwa, akasema kijana huyu ana fumbo. Tangu siku hiyo rap yote ilitoka kwenye boksi, na ndani ya mwezi mmoja baba mkubwa alikuwa ameishusha dansi rafu moja.

Na waliokuja kuimba kaunta walikuwa wengi mno. Alikuja mwalimu mkuu mstaafu, suti ya kaunda imepigwa pasi, akasema anautafuta "ule wa mheshimiwa". Walikuja kina mama wa Soko la Ilala wakiwa watatu, mmoja anaigiza mgombea na wawili wanaitikia, mpaka watu wakajaa mlangoni. Alikuja padri. Katika kaunta buku yangu kuna kurasa za mwaka 2001 ambazo Machozi, Jasho na Damu imeandikwa mstari kwa mstari, na chini kabisa kanda moja ya kwaya. Sijui nchi nzima ilikuwaje. Kwetu, kwa majuma yale, iliishinda taarabu, na hilo halikuwa limewahi kutokea.

Baada ya hapo mlango ulifunguka na wakaingia kwa pamoja. Juma Nature wa Temeke na Nini Chanzo, sauti ya kukwaruza inayotoka kifuani, ambaye vijana wa uswahilini walimpenda kwa namna ya peke yake; nadhani ni kwa sababu hakujaribu kuonekana ametoka kwingine. Gangwe Mobb, Inspekta Haroun na Luteni Kalama, nao wa Temeke, mabingwa wa misemo ambayo kesho yake ilikuwa kwa kila konda. Afande Sele kutoka Morogoro, ambaye kwenye Mtazamo alikutana na Professor Jay na Solo Thang, na wapenda vina mpaka leo wanabishana nani alimfunika nani pale. Kutoka Tanga wakaja Wagosi wa Kaya na lafudhi yao ya kwao, bila kuificha. Wimbo wao wa Wauguzi ulisema juu ya manesi wanaowafokea wajawazito. Muuguzi mmoja, bado yuko ndani ya sare, alisimama kwangu akalalamika kwa nini tunauza kanda inayowadhalilisha, akaeleza kwa uchungu jinsi alivyo peke yake usiku kwenye wodi nzima, glovu hakuna. Nilimsikiliza. Alipomaliza aliinunua, akasema anataka aipeleke kazini wakaisikilize wote wajue wanasemwaje. Nilimwona shujaa, na bado namwona hivyo.

Wanawake waliochana walikuwa wachache na walipata tabu. Zay B na Sister P waliulizwa sana na wasichana wa umri wangu, na mimi niliwapiga kwenye spika kila nilipopata nafasi. Wasambazaji walikuwa wanatuambia sauti ya mwanamke kwenye rap haiuzi. Kaunta buku yangu ilionyesha inauza, ila walikuwa hawaleti katoni za kutosha, kisha wanasema angalia, zimetoka chache. Lady Jay Dee alipokuja na Machozi, kwa kuimba, walitulia. Lakini nafasi ya mwanamke mwenye mistari ilikuwa imeshabanwa, na hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu nililiona likitokea siku kwa siku.

Niseme na la pesa. Nilishuhudia wasanii ambao nyimbo zao zilikuwa za kwanza kwenye kila redio ya mji wakija dukani kwa miguu. Mmoja, simtaji, alikuja kwangu akaniuliza kwa adabu, "Dada, kanda yangu inatoka?" Nilimfungulia kaunta buku. Alikaa akahesabu kurasa zetu tu, duka moja, akanyamaza. Alikuwa amesaini karatasi ya kuuza kila kitu kwa malipo ya mara moja, kabla wimbo haujachanganya, kwa sababu nyumbani kulikuwa na mgonjwa. Wengine walikubaliana walipwe kwa kila kanda, lakini hawakuwa na njia yoyote ya kujua zimechapwa ngapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikwishapitishwa na COSOTA ikaundwa, ila sheria ilikuwa mbali na mtaa wetu, ambako kanda bandia za albamu ya Ijumaa zilikuwa barabarani Jumatatu, kava limefifia na majina yamekosewa. Tuliokuwa na duka la kodi tuliziona zinapita mikononi mwa wamachinga mbele ya mlango wetu. Baba mkubwa alikataa kuzigusa. Alisema mtu amekaa akatunga, na aliyekaa akatunga hali upepo.

Kuanzia mwaka 2002 hivi akaja Mr. Nice na mtindo wake wa Takeu, na kila tulichokuwa tumeona kwenye mauzo kikawa kidogo. Fagilia, Kikulacho, Kidali Po: watoto wa miaka mitano walikuwa wanawavuta mama zao mkono mpaka kaunta. Wanunuzi wa jumla walikuja kutoka Nairobi na Kampala. Ile haikuwa rap, na sitaki kumlaumu kwa kuwafurahisha watoto wa Afrika Mashariki nzima. Lakini wasambazaji walijifunza somo lao kutoka kwake. Vijana waliokuja na visa virefu vya mistari walianza kuambiwa waweke kiitikio cha kuimba, wapunguze maneno, wafanye la kucheza. Wengi walitii. Nilianza kusikia nyimbo ambazo ubeti wake ulikuwa unangoja kiitikio kifike.

Hata hivyo mwaka 2004 ulitupa Starehe ya Ferouz, akiwa na Professor Jay. Kijana anayekufa kwa UKIMWI anasimulia alivyoishi. Wakati huo dawa za kufubaza virusi ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kutolewa bure hospitalini, na hakukuwa na ukoo Dar es Salaam ambao haujazika. Kuna mteja, mama wa makamo, aliyeniimbia kiitikio chake mpaka katikati akashindwa kuendelea. Sikumuuliza. Nilimfungia kanda, na baba mkubwa akakataa pesa yake. Katika miaka yote niliyofanya kazi naye, hiyo ndiyo mara pekee niliyomwona akitoa kanda bure.

Kanda zilikufa haraka. Zikaja sidii, zikaja VCD, kisha vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu, mamia ya nyimbo kwa bei ya soda. Duka letu likageuka la makava ya simu na chaja. Sugu akaingia bungeni mwaka 2010 kwa Mbeya Mjini, na mwaka 2015 Professor Jay akachaguliwa Mikumi. Baba mkubwa hakuwahi kuiona siku hiyo ya pili. Nilimtazama Joseph Haule akiapa Dodoma, mtu aliyetufundisha kusikiliza ahadi, na nikatamani kwa moyo wote kwamba wananchi wake wamsikilize kwa masikio yale yale aliyotupa yeye. Alipougua na kulazwa Muhimbili mwaka 2022, walionipigia simu kuulizia hali yake, kana kwamba mimi ni ndugu yake, walikuwa wateja wangu wa zamani, wengine nilikuwa siwakumbuki hata sura. Alitoka, akaimba wimbo wa shukrani unaoitwa Siku 462, hesabu ya siku zake za hospitali.

Kwa hiyo, wakiniuliza kanda ipi iliuza kuliko zote, nawapa jibu la kaunta yangu: Machozi, Jasho na Damu kwa rap, na Mr. Nice juu ya kila mtu. Wakiniuliza ni wimbo upi ulifika mbali, nawaambia Ndio Mzee, kwa sababu ndio ulioletwa kwangu na watu ambao hawakujua kwamba wanachopenda kinaitwa rap.

Kanda nyingi bado ninazo, kwenye makatoni nyumbani. Msanii mmoja wa miaka ile alinitafuta hivi karibuni. Hana nakala ya albamu yake mwenyewe. Studio ilishahama, msambazaji alishafunga, na kanda mama haijulikani ilipo. Nilikuwa nayo moja. Mpwa wangu aliunganisha redio kaseti na kompyuta tukaihamisha, upande A ukatoka vizuri, upande B ukawa umeingiwa na unyevu. Nyimbo mbili zilikatika katikati. Mwenyewe alikaa sebuleni kwangu na kalamu, akaijaza mistari iliyopotea kwa kukumbuka, akayakumbuka maneno yote isipokuwa ubeti mmoja wa mwisho. Ameniomba nimsaidie kutafuta mwenye nakala nyingine, na nimeshaanza kuulizia kwa wauza kanda wenzangu wa zamani, wa Mwanza na wa Tanga.